Ombi la Kusajiliwa Kama Toroli la Viungo

Abdulmajid Mrisho,
Msimamizi wa Ufungashaji,
Kiwanda cha Viungo Jiko Jema,
Gerezani, Kariakoo,
Dar es Salaam.

Kwa Mkurugenzi, Bi Nasreen,
Ghorofa ya juu, hapo hapo kiwandani.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUTENDEWA CHINI YA KIWANGO CHA TOROLI

Salamu zangu zikufikie huko ghorofani, pamoja na heshima niliyo nayo kwa familia yenu tangu enzi za marehemu baba yako, alipokuwa akisaga bizari kwa mkono kule uani nawe ukitambaa juu ya magunia. Mimi ni mzima. Sina maana kwamba ni mzima sana, ila barua haina namna nyingine ya kuanza.

Ninaandika kwa masikitiko lakini kwa adabu. Malalamiko yangu nimeyapa namba, kwa kuwa nimejifunza kwamba katika kiwanda hiki, kitu kisicho na namba hakionekani.

1. Siku ya toroli la pilipili.

Pengine barua hii utamwonyesha mtu asiyeujua mtambo wetu, kwa hiyo nieleze kidogo. Tangu ulipoleta mashine mpya, zote, ya kujaza, ya kupima, ya kubana pakiti na ya kupiga chapa ya tarehe, zimetungwa kwenye waya mmoja wa zambarau unaopita ukutani, kama shanga kwenye uzi. Mwanzoni mwa waya ipo kompyuta ndani ya kabati la chuma. Kazi yake ni kuita. Inaita namba moja, inaitikiwa. Inaita namba mbili, inaitikiwa. Ikifika mwisho inaanza upya, haichoki wala haiombi ruhusa ya kwenda kunywa maji. Namba yoyote isipoitika, inapiga king'ora na kusimamisha kila kitu.

Sasa matoroli ya viungo, la pilipili, la iliki, la manjano na mengineyo, nayo yana namba zake, lakini hayakai mahali pamoja. Yanachomolewa kwenye waya, yanakwenda uani kuoshwa na kujazwa, kisha yanarudi. Kwa hiyo fundi wetu Vitalis aliyaandikisha kwenye kompyuta kama vifaa vya kuondoka na kurudi. Toroli likitaka kuondoka, mtu anabonyeza kitufe cha ruhusa, anasubiri taa ya kijani izimike, ndipo anachomoa. Kompyuta inaelewa kwamba mwenzao ametoka, haimwiti mpaka arudi. Likirudi linachomekwa, taa inawaka, na kengele inalia mara moja kwa sauti laini, kama mtu anayekaribishwa ndani.

Ni utaratibu mzuri. Sina neno nao.

Siku hiyo Samson wa usafi, mtu mwema kutoka Masasi, alichomoa toroli la pilipili bila kubonyeza kitufe. Alisema baadaye kwamba pilipili ilikuwa imemwingia machoni na kitufe hakukiona. King'ora kikalia. Mtambo mzima ukasimama, pakiti zikabaki midomo wazi kwenye mkanda kama makinda ya njiwa. Wewe ulikuwa nyumbani Upanga. Ulikuja kwa bajaji, ndala za nyumbani miguuni, ukapita huku na huku ukichungulia chini ya meza na kuuliza, "Liko wapi? Nani alikuwa nalo? Nani aliliona mara ya mwisho?" Benedikta wa mashine ya kubana pakiti alitumwa uani. Vitalis alipanda juu ya paa, mpaka leo sijui kwa nini. Toroli lilikutwa nyuma ya choo, limeegeshwa juani likikauka. Ulilishika ukingoni, ukashusha pumzi, ukasema mbele yetu sote, "Hapa kwangu hakuna kitu kitakachoondoka bila sisi kujua."

Maneno hayo niliyasikia vizuri. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, na nilikuwa nimerudi kutoka Kilwa jana yake.

2. Kilwa.

Bi Nasreen, nilikwenda Kilwa Kivinje kumzika dada yangu Mwanamkuu, ambaye ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Habari ilinifika alfajiri. Nilituma ujumbe kwenye simu ya ofisi, ambayo sasa najua ilikuwa kwenye droo imeisha chaji, nikaenda Mbagala kupanda basi. Tukazika. Nilikaa kule mpaka hitima ikasomwa, na kila siku nilikuwa nikitazama simu yangu, maana nilijua huku mambo yameharibika. Nani anakagua pakiti? Nani anamwambia Benedikta kwamba mbano wake umekwenda upande? Simu haikulia. Nikafikiri labda mtandao wa Kivinje ni mbaya. Nikamwomba mpwa wangu anipigie ili tuhakikishe, nayo ikalia vizuri sana.

Niliporudi, mlinzi alinifungulia geti akasema, "Mzee Majid, leo umechelewa kidogo." Ulinikuta ngazini, ukaniamkia shikamoo, nami nikaitikia marahaba. Ukaniuliza kama magunia ya mdalasini yamefika. Nikasema nitaangalia. Nikaenda kuangalia. Yalikuwa yamefika.

Mtambo ulikuwa unakwenda. Nilipita kutoka mwanzo wa mkanda hadi mwisho nikitafuta kosa, hata dogo, la kuonyesha kwamba kiwanda kilikuwa kimepungukiwa na mtu. Pakiti zilikuwa zimebanwa sawasawa. Chapa za tarehe zilikuwa zinasomeka. Sijawahi kuumizwa na kazi nzuri namna ile.

Nilisubiri kuulizwa. Mwenye msiba hapiti mlango kwa mlango kutangaza msiba wake kama muuza dagaa. Huulizwa, ndipo akajibu. Sikuulizwa siku hiyo. Na siku iliyofuata ndipo toroli lilipopotea kwa muda usiotosha kupika wali, likatafutwa mpaka juu ya paa. Nakuomba uyaweke mambo hayo mawili kwenye mizani yako mwenyewe, ile ya kupimia karafuu, ambayo haidanganyi.

3. Kuhusu kitufe changu.

Nilimwendea Vitalis wakati akila mihogo yake kando ya kabati la chuma. Nikamwambia nataka kuandikishwa kwenye kompyuta.

"Kuandikishwa vipi, mzee?"

"Kama toroli. Nipewe namba. Nikiondoka ijulikane, nikirudi ijulikane."

Hakucheka, na kwa hilo ninamshukuru. Akasema, "Inawezekana. Ila ni majaribio tu, mzee wangu. Bosi akiuliza, mimi sijui kitu."

Ninalitaja jina lake hapa kwa sababu bosi umeshauliza, naye alishindwa kusema kwamba hajui kitu.

Aliniwekea kisanduku kidogo kwenye kiti changu, chenye taa ya kijani na kitufe cha ruhusa, na plagi yenye kamba ya kuvaa shingoni. Nikapewa namba kumi na nne. Kengele yangu ya kwanza ilipolia, nilihisi kitu kifuani ambacho mtu wa umri wangu hapaswi kukihisi kwa sababu ya kengele.

Siku ya kwanza nilifuata utaratibu. Ilipofika adhuhuri nilibonyeza kitufe, taa ikazimika, nikachomoa plagi yangu, nikaenda kuswali. Nilirudi taratibu, nikitegemea kuona nyuso. Hakuna aliyegeuka. Mtambo ulikuwa umeambiwa kwamba natoka, ukakubali, ukaendelea. Ndipo nilipoelewa jambo ambalo hakuna fundi aliyewahi kunieleza: toroli linaloaga vizuri halitafutwi. Linalotafutwa ni lile linaloondoka bila kuaga. Nawe utakumbuka kwamba mimi maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuaga.

Siku ya pili nilichomoa bila kubonyeza, nikasimama nyuma ya mlango wa ngazi.

King'ora kikalia. Mkanda ukasimama. Vitalis akasoma kwenye skrini akasema, "Kumi na nne." Benedikta akauliza kumi na nne ni nini. Vitalis akasema, "Ni Mzee Majid." Benedikta akasema, "Mzee Majid siku hizi ni sehemu ya mashine?" Lakini alivua glavu zake akaenda kuchungulia uani. Samson alikwenda nyuma ya choo, pale alipoliacha toroli. Mtu mmoja aliita jina langu dirishani kuelekea barabarani. Nilipojitokeza, wote waligeuka kwa pamoja.

Sitaki kukuficha, Bi Nasreen. Nilifurahi. Nilisahau kwa muda kwamba kulikuwa na oda ya pilau masala inayosubiriwa na gari nje. Ulitufokea wote siku ile, nami nilifokewa pamoja na wengine nikiwa na furaha.

4. Kuhusu kutangazwa kwamba mimi ni mtupu.

Wiki iliyofuata toroli la iliki lilirudi kutoka kwa fundi wa kuchomelea, ambako lilikuwa kwa muda mrefu hata Vitalis akasahau namba yake. Namba yake ilikuwa kumi na nne.

Vifaa viwili haviwezi kuitika namba moja. Simama Mtaa wa Congo uite "Bosi!" uone watageuka wangapi. Kompyuta ilipoita kumi na nne, tuliitika wawili, mimi na iliki, nayo ikachanganyikiwa ikatuchukua kama kitu kimoja. Toroli lilikuwa halijajazwa. Basi kisanduku changu kikaanza kuwaka taa nyekundu, na kwenye ile skrini kubwa inayoonekana kiwanda kizima yakatokea maandishi haya: KUMI NA NNE. TUPU. JAZA.

Watu walisoma, kisha wakanitazama. Samson, ambaye tangu siku ya pilipili amekuwa mtu wa kufuata utaratibu kikamilifu, alikuja na ndoo ya iliki akasimama mbele yangu, asijue amimine wapi.

Wengine walicheka. Mimi sikucheka, wala sikukasirika. Nilikaa kwenye kiti changu nikayasoma yale maandishi mara nyingi. Tangu nirudi Kilwa hakuna aliyekuwa ameieleza hali yangu kwa ufupi namna ile. Malalamiko yangu hapa si kwamba mashine ilikosea. Malalamiko yangu ni kwamba Vitalis alikwenda kuisahihisha.

5. Kuhusu kuambiwa kwamba mimi si toroli.

Uliposikia habari hizo ulishuka mwenyewe. Nakiri kwamba uliniondoa kwa utaratibu. Ulibonyeza kitufe cha ruhusa, ukasubiri taa izimike, ndipo ukachomoa plagi, ukanivua kamba shingoni. Ukasema kwa upole, "Mzee wangu, wewe si toroli."

Najua ulikusudia heshima. Lakini nililala na maneno hayo na kuamka nayo, nikayapima, na nimeona kwamba ni kushushwa cheo. Toroli la manjano lilipovunjika gurudumu, mliitisha kikao. Toroli la mdalasini lina turubai yake wakati wa mvua. Toroli lolote likikaa nje kupita kiasi, kompyuta inaandika kwenye skrini, "Halijarudi," nayo haifuti maneno hayo mpaka lirudi. Mimi niliandikiwa nini? Kama si toroli, basi naomba kujulishwa ni kitu gani kiwandani hapa, kilicho chini ya toroli, ambacho ndicho mimi.

Baada ya kueleza hayo, naomba kwa heshima yafuatayo yatekelezwe.

Nirudishiwe kisanduku changu, na nipewe namba ambayo haijawahi kuwa ya kiungo chochote. Wafanyakazi wote nao waandikishwe, akiwemo mlinzi, ambaye hajui tofauti ya kuchelewa kidogo na kuzika. Nawe pia uandikishwe, maana mwaka jana ulilazwa ukatuambia uko safarini, nasi tukaendelea kufunga bizari.

Zaidi ya hapo naomba waya usiishie ukutani kwetu. Utobolewe tundu uende ng'ambo ya barabara kwa Sofia aliyekuwa akituuzia chapati, ambaye meza yake haipo siku hizi, na sisi tumehamia kwa muuza vitumbua bila kuuliza. Kutoka hapo ufuate Msimbazi, upite kila duka. Uvuke Mnazi Mmoja, ambako watu wanapita kwa maelfu na hakuna anayejua jana walikuwa wangapi. Ufike mpaka Kivukoni, ili mchuuzi mmoja asipofika mnadani Feri, mnada usimame na samaki wangoje, na kivuko kisiondoke kwenda Kigamboni mpaka ijulikane yuko wapi na amepatwa na nini.

Vitalis anasema haiwezekani, kwamba waya wa aina ile una kikomo, ukiwa mrefu mno sauti ya anayeita inafifia kabla ya kumfikia anayeitwa. Nimemwambia tuweke vikuza sauti njiani. Amesema jiji lote litakuwa linasimama kila saa. Nimelifikiria hilo nalo, na sioni ubaya. Jiji likisimama kidogo, watu watapata nafasi ya kuulizana hali.

Ninaamini utalitazama ombi hili kwa jicho lile lile ulilotazamia chini ya meza siku ya pilipili.

Nisalimie mama yako, na mwambie dawa ya goti aliyonielekeza naitumia. Nisalimie Ummy wa mapokezi, dereva wa gari la oda na huyo mlinzi. Wasalimie na watoto wako, ambao wakija kiwandani hupiga chafya mpaka tunawaonea huruma.

Wako mwenye manjano kwenye kucha na heshima moyoni,

Abdulmajid Mrisho,
zamani namba kumi na nne.

Nyongeza: Barua hii ninaiandikia stoo ya juu, ambako nimejifungia tangu asubuhi kwa kuwa huko chini kuna kelele. Nilipokuwa namalizia jina langu, kelele zimekoma. Mtambo umesimama, na king'ora hakijalia. Nimesikia viatu kwenye ngazi, kisha mlango ukagongwa. Ni Benedikta, na nyuma yake Vitalis na Samson, ambaye alikuwa anahema kwa sababu ametoka kunitafuta msikitini na kwa kinyozi wangu.

Nimewauliza ni namba gani imeacha kuitika. Vitalis amesema zote zinaitika. Benedikta ndiye aliyesimamisha, kwa mkono wake, kwa maelezo kwamba asubuhi yote hajalaumiwa na mtu yeyote kuhusu mbano wa pakiti, na kwamba hali hiyo imemtia wasiwasi. Kisha akasema, "Mzee, tangu utoke safari hauko sawa. Sisi tulidhani ulikuwa likizo. Uliporudi umekunja uso tukaogopa kukuuliza. Sasa nakuuliza. Kuna nini?"

Nimewaambia. Samson amevua kofia. Vitalis amesema, "Pole sana, mzee," akarudia mara ya pili, na Benedikta amenishika mkono kwa glavu zake zenye vumbi la pilipili, ndiyo maana ukurasa huu una madoa na macho yangu yanatoka machozi.

Kwa hiyo naomba malalamiko namba moja hadi tano uyahesabu kama hayakuandikwa, na badala yake upokee hili moja jipya. Wafanyakazi watatu wamesimamisha mtambo bila ruhusa, siku yenye oda kubwa, kwa sababu isiyohusiana kabisa na uzalishaji. Kama msimamizi wao nimewaamuru warudi kazini mara moja. Hawakutii. Wameketi juu ya magunia ya giligilani, na Benedikta ameniuliza dada yangu alikuwa mtu wa namna gani. Uniwie radhi, naikatisha barua hapa ili nimjibu.